Mzigo Umekwama Tabora: Jinsi Seli ya Ini Inavyopambana na Protini Iliyokunjwa Vibaya



Leo tunaingia kwenye somo ambalo wengi hulikimbia: protini na seli. Usifunge gazeti! Hatuanzi na darubini. Tunaanza na historia unayoijua. Kama unasoma Milambo, Tabora Wavulana au Tabora Wasichana, njia tunayoizungumzia iko jirani na darasa lako. Kama uko Bagamoyo, Dodoma au Kigoma, njia hiyo ilipita kwenu pia.

BARABARA INAPOFUNGWA

Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo mpaka Unyanyembe, yaani eneo la Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Ni safari ya zaidi ya kilometa 1,000 kwa miguu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba vitambaa, shanga na waya kwenda bara, na pembe za ndovu kwenda pwani. Njia hiyohiyo ilipitisha watumwa, na hilo tusilisahau. Lakini mfano wetu wa leo ni wa mizigo tu, si wa watu.

Tabora ilikuwa kituo kikubwa. Hapo msafara ulipumzika, mizigo ikafunguliwa, ikakaguliwa, ikafungwa upya. Mzigo uliofungwa vibaya haubebeki. Unalegea njiani na kumwangusha mpagazi.

Sasa sikiliza. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo aligombana na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe, akaifunga njia ya kwenda Ujiji. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta David Livingstone, alifika Kwihara mwezi wa Juni na kukwama hapo hadi Septemba. Mwishowe alilazimika kuzungukia kusini. Livingstone naye alirudi Ujiji mwezi wa Oktoba akiwa mgonjwa na hana kitu, huku shehena aliyotumiwa kutoka pwani imekwama Unyanyembe.

Umeona? Kizuizi kimoja kilileta matatizo mawili. Tabora mizigo imerundikana. Ujiji mtu anateseka kwa kuikosa mizigo hiyohiyo. Shika picha hiyo kichwani, maana ugonjwa wa ini tunaousoma leo uko hivyohivyo.

INI NI KIWANDA

Ini liko upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima lina uzito wa kama kilo 1 na nusu. Watu wengi wanajua kwamba ini huchuja sumu. Wasichojua ni kwamba ini pia ni kiwanda kikubwa cha protini. Albumini, ambayo huzuia maji yasivuje kutoka kwenye mishipa ya damu, hutengenezwa na ini. Protini nyingi za kugandisha damu unapojikata hutengenezwa humohumo.

Protini ni nini hasa? Chukua uzi, tunga shanga. Kila shanga ni asidi amino, na mwili hutumia aina 20 za shanga hizo. Lakini uzi ulionyooka haufanyi kazi yoyote. Ni lazima ukunjwe upate umbo lake maalumu. Umbo ndilo linaloamua kazi, kama meno ya ufunguo yanavyoamua utafungua kufuli lipi. Ukiyapinda meno, ufunguo umekufa, hata kama chuma ni kilekile.

Protini zinazosafirishwa nje ya seli hukunjwa ndani ya mtandao wa vifuko na mirija unaoitwa endoplazimiki retikulamu. Jina refu, bwana! Sisi tutauita “kituo”. Ndiyo Tabora ya seli: mzigo unaingia, unafungwa, unakaguliwa, na ukiwa sawa unaruhusiwa kuendelea na safari.

SHANGA MOJA TU ILIYOKOSEWA

Moja ya protini za ini inaitwa alfa-1 antitripsini. Ina shanga 394. Ikishatoka kwenye ini husafiri kwa damu mpaka kwenye mapafu. Kazi yake ni kuyalinda. Chembe nyeupe za damu zinapopigana na vijidudu humwaga kimeng’enya kikali, na kimeng’enya hicho kikiachwa huru hula hata kuta za mapafu yenyewe. Alfa-1 antitripsini hukidhibiti.

Mwaka 1963 wanasayansi wawili wa Sweden, Carl-Bertil Laurell na Sten Eriksson, waligundua kwamba kuna wagonjwa ambao karibu hawana protini hii kwenye damu. Baadaye ilijulikana kwamba baadhi yao huugua ini pia. Sababu ni nini? Katika aina iitwayo Z, shanga namba 342 imebadilishwa. Mahali palipotakiwa kuwa na asidi glutamiki pamewekwa lisini. Shanga 1 kati ya 394!

Kosa hilo linaifanya protini ichelewe kukunjika na ibaki na umbo legevu. Protini legevu hushikana na mwenzake, huyo na mwingine, mpaka inakuwa minyororo mirefu inayojaa ndani ya kituo. Kwa mtu aliyerithi Z kutoka kwa baba na kwa mama, kiasi cha protini kinachofika kwenye damu ni kama 10 hadi 15 tu kwa kila 100 za mtu wa kawaida. Mapafu yanabaki bila mlinzi, kama Livingstone pale Ujiji. Na ini linabaki na msongamano, kama Unyanyembe ya 1871.

Je, hili linakukumbusha ugonjwa mwingine? Ndiyo, selimundu. Huko nako ni shanga moja tu: asidi glutamiki ya nafasi ya 6 katika mnyororo mmojawapo wa himoglobini imebadilishwa kuwa valini. Himoglobini hiyo nayo hushikana na kuwa nyuzi ndefu, na chembe nyekundu ya damu inapinda kama mundu. Magonjwa mawili tofauti, kanuni moja: kosa dogo la shanga, kosa kubwa la umbo.

SELI HAIKAI KIMYA

Hapa ndipo penye utamu wa somo. Usidhani seli hukaa tu na kutazama mizigo mibovu ikirundikana. Inazo hatua zake, tena kwa mpangilio.

1. Kusaidia kukunja. Ndani ya kituo kuna protini wasaidizi ziitwazo shaperoni. Hizi hushika uzi mpya, huuzuia usishikane na nyuzi nyingine, na kuupa nafasi ya kukunjika vizuri. Ukishindwa, hurudishwa ujaribiwe tena.

2. Kuhesabu muda. Protini nyingi zinazopita kituoni hubandikwa vipande vya sukari. Kadiri zinavyokaa, vipande hivyo hukatwa kimoja kimoja. Iliyokatwa vingi imeshakaa mno. Hiyo ni kama tiketi iliyotobolewa: mkaguzi akiiona anajua mzigo huu hautafungika tena, utolewe.

3. Kuutupa. Mzigo mbovu husukumwa nje ya kituo, hutiwa alama ya protini ndogo inayoitwa ubikuitini, kisha huingizwa kwenye mashine ya kusaga iitwayo proteasomu. Shanga zake hutumika upya. Kwa kugundua mfumo huo wa alama, Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipata Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2004. Protini nyingi za aina Z huishia hapa.

4. Kupiga kengele. Mizigo mibovu ikizidi, vitambuzi 3 vilivyo kwenye ukuta wa kituo hupeleka habari, mpaka kwenye kiini cha seli. Majibu huja upesi: punguza kupokea mizigo mipya, ongeza wasaidizi, panua kituo, ongeza kasi ya kutupa. Mpango huu ulichunguzwa kwanza katika hamira, naam, jamaa wa hii ya kuumulia maandazi! Peter Walter wa Marekani na Kazutoshi Mori wa Japani walipewa Tuzo ya Lasker mwaka 2014 kwa kazi hiyo.

5. Kujila. Ile minyororo mirefu haiwezi kupenya kwenye proteasomu. Basi seli huizungushia utando, yaani huifunga kama furushi pamoja na kipande cha kituo kilichoharibika, na kuipeleka kwenye vifuko vyenye vimeng’enya vya kuyeyusha. Seli inajila sehemu yake ili ipone. Yoshinori Ohsumi wa Japani, ambaye naye alianzia kwenye hamira, alipata Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2016 kwa kueleza njia hiyo.

6. Kujiua. Yote yakishindikana, seli hujimaliza yenyewe kwa utaratibu. Ini lina uwezo mkubwa wa kuotesha seli mpya, kwa hiyo vifo vichache si tatizo. Lakini seli zikifa miaka nenda miaka rudi, nafasi zao hujazwa na makovu. Ini hugeuka gumu, likasinyaa, likashindwa kazi. Wakati mwingine saratani huzukia hapo.

KENGELE ISIYOLIA

Ngoja kwanza. Kuna jambo la ajabu katika aina hii ya Z. Watafiti waliona kwamba minyororo yake, hata ikijaa kituoni, mara nyingi haiipigi ile kengele kubwa. Kwa nini? Kwa sababu kengele hutambua nyuzi zilizofumuka ovyo. Hizi zimejipanga, zimeshikana vizuri, kwa hiyo hazionekani kama hatari. Seli inaendelea na kazi huku kituo kimejaa. Hapo ikipata pigo la pili hutikisika haraka kuliko seli ambayo kituo chake ni safi.

Hili linaeleza swali lililowasumbua madaktari. Miaka ya 1970 watoto wachanga 200,000 walipimwa nchini Sweden. Kati ya waliokutwa na Z mbili, ni kama 1 tu kwa kila 10 aliyepata manjano ya muda mrefu utotoni. Wengine wengi walikua na maini yanayofanya kazi. Kosa ni lilelile, protini ni ileile, lakini matokeo tofauti! Tofauti inatoka kwa kiasi kikubwa kwenye namna seli zinavyousafisha mzigo, na kwenye mapigo mengine yanayoliongezea ini kazi.

Hilo ndilo neno la kulishika katika somo zima: ugonjwa hautokani na mzigo mbovu peke yake. Unatokea pale mzigo unapozidi uwezo wa seli wa kuuondoa.

SASA SISI WA TABORA INATUHUSU NINI?

Utasema, “Hayo ni ya Wazungu.” Kweli, Z imeenea zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, na ni adimu kwa Waafrika. Lakini kanuni ni ileile kwa kila ini, na hapa kwetu yapo mapigo matatu yanayoujaza mzigo.

Homa ya ini B. Virusi hivi huiteka seli ya ini na kuifanya iwashonee koti la protini. Koti hilo hutengenezwa kwenye kituo kilekile. Kwa baadhi ya watu walioishi na virusi miaka mingi, virusi hubadilika, protini za koti zikashindwa kutoka nje. Hurundikana mpaka seli, ikitazamwa kwa darubini, inaonekana kama kioo chenye ukungu. Hapo kengele hulia, na hulia kwa miaka. Huyu ndiye ndugu wa karibu wa ugonjwa wa Z hapa Afrika Mashariki.

Sumukuvu. Ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga hutoa sumu inayoharibu seli za ini na maandishi yake ya kurithi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 wakafariki. Kenya, mwaka 2004, waliugua 317 na kufariki 125. Sumu kidogokidogo ya kila siku haiui kwa wiki moja, lakini ikikutana na homa ya ini B, hatari ya saratani ya ini hupanda sana.

Pombe. Pombe nyingi ya muda mrefu, iwe ya chupa au gongo, huilemea seli na kupunguza kasi ya ile mashine ya kusaga na ya kujila. Yaani inafunga barabara huku ikileta mizigo zaidi. Hapo kazi ipo!

UFANYE NINI?

* Uliza nyumbani kama ulichanjwa. Tanzania ilianza kuwapa watoto wote chanjo ya homa ya ini B katika ratiba ya kawaida mwaka 2002. Leo iko ndani ya chanjo ya pamoja inayotolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Tafuta kadi yako ya kliniki. Kama hukuchanjwa, kituo cha afya au hospitali itakueleza namna ya kupima, na ukiwa huna virusi, namna ya kupata dozi zako 3.

* Usichangie wembe, sindano wala mswaki. Homa ya ini B huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana bila kinga, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Mtoto anayeambukizwa akiwa mchanga ana uwezekano wa kama 9 kwa 10 wa kubaki na virusi maisha yake yote.

* Usimtenge mwenye virusi. Haviambukizwi kwa kula sahani moja, kupeana mikono au kulala bweni moja. Na dawa za kuvituliza zipo.

* Anika mahindi na karanga juu ya turubai au mkeka, si chini kwenye udongo. Weka magunia juu ya chaga. Chambua punje zilizooza, zilizosinyaa na zenye ukungu, uzitupe. Kuchemsha au kukaanga hakuondoi sumukuvu. Usimpe ng’ombe wala kuku mabaki hayo ukidhani umeokoa, maana sumu hupita mpaka kwenye maziwa.

* Ukiona macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, au tumbo na miguu kuvimba, nenda hospitali. Usisubiri, na usianze kwa kutafuta nani kakuloga. Uko Tabora mjini? Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete ipo.

* Una mdogo wako mchanga nyumbani? Manjano ya siku chache za mwanzo kwa kawaida hupita. Lakini ikizidi wiki 2, au kinyesi chake kikiwa cheupe kama chokaa, mwambie mama siku hiyohiyo: mtoto aonwe na daktari. Kwa baadhi ya magonjwa ya ini ya watoto, wiki chache ni tofauti ya kupona na kutopona.

Na tiba ya Z je? Ini likishakufa kabisa, mgonjwa hupandikizwa ini jingine, na hilo jipya hutengeneza protini nzuri. Mwaka 2022 matokeo ya jaribio la dawa inayoizuia seli isitengeneze ile protini mbovu yalionyesha kwamba mrundikano kwenye ini ulipungua sana. Umeelewa ujanja wake? Ni hatua ya 4 uliyoisoma hapo juu: punguza mizigo mipya, ipe seli nafasi ya kuondoa ya zamani. Waganga wamejifunza kwa seli yenyewe.

JIPIME

Jadilini maswali haya kwenye kikundi chenu cha masomo kabla ya kusoma majibu.

1. Kwa nini mwenye Z mbili huweza kuugua mapafu na ini, wakati protini yenye kasoro ni moja?
2. Kuna tofauti gani kati ya kazi ya proteasomu na njia ya kujila?
3. Rafiki yako anasema: “Babu alikula karanga zenye ukungu miaka yote na hakufa, kwa hiyo hazina neno.” Utamjibuje?
4. Ndugu wawili wana Z mbili kila mmoja. Mmoja anaugua, mwingine haugui. Eleza.

MAJIBU

1. Ini linaumia kwa mrundikano, mapafu yanaumia kwa upungufu. Mzigo ni mmoja, umekwama njiani.

2. Proteasomu husaga protini mojamoja zilizotiwa alama. Kujila huondoa minyororo na mafungu makubwa yasiyopenya humo.

3. Sumukuvu haionekani wala kuonjeka, na madhara yake hutegemea kiasi, muda na afya ya ini. Babu huyo huenda hakuwa na pigo la pili. Wewe unajuaje kama huna? Chambua karanga.

4. Seli zao hazisafishi mzigo kwa kasi moja, na huenda mmoja anapata mapigo mengine kama pombe au virusi. Hatuchagui shanga tulizorithi. Lakini chanjo, ghala kavu na kuacha pombe viko mikononi mwetu, na kila kimoja ni mzigo mmoja uliopunguzwa kwenye ini.